Kugeuza bagi ya nitro iwe ya umeme: maswali ninayoulizwa sana Mtwara na Lindi

Tangu nianze kukimbiza bagi yangu ya umeme, gari dogo la kuendeshwa kwa rimoti, jioni kule Shangani, Mtwara, naulizwa mambo yaleyale na vijana wa hapa mjini, wa Mikindani, wa Lindi, na hata wa Newala na Masasi. Nimeyakusanya ili anayetaka kuanza asiunguze hela kama nilivyounguza mimi. Ninazungumzia bagi za kipimo cha 1/8 (sehemu moja ya nane ya gari halisi), zile kubwa zenye injini ya sentimita za ujazo 3.5 na difu tatu: ya mbele, ya kati na ya nyuma. Yako ikiwa ndogo zaidi, mengi yanafanana, ila namba za mota na betri zitashuka.

Kaka, injini yangu bado nzima. Kwa nini niitoe?

Hata yangu ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa mafuta. Mafuta ya nitro ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethane na oili, na huyapati kituo cha mafuta cha Mtwara wala Lindi. Ndege ya abiria haiyabebi. Kwenye basi ni kimiminika kinachowaka haraka, na mpakiaji akikukatalia ana haki. Ukibahatika kupata chupa, hewa yetu ya pwani inaiharibu: methanoli hunyonya unyevu, na chupa iliyofunguliwa ikikaa vibaya injini inaanza kusumbua, haishiki, ikishika inazima. Bagi yangu ilikaa juu ya kabati mwaka mzima kwa ajili hiyo. Umeme ninao ukutani.

Ule mlio na harufu utavikumbuka, hilo ni kweli. Lakini jirani zangu waliokuwa wakitoka nje kulalamika sasa wanatoka na watoto wao kutazama.

Siwezi kutumia petroli na oili, kama pikipiki za zamani?

Hapana. Injini ya nitro haina cheche. Plagi yake ina waya wenye platinamu, na methanoli inapogusana na platinamu ya moto huendeleza joto la kuwasha mchanganyiko hata ukishaondoa kiwashio. Petroli haifanyi hivyo. Isitoshe, mipira ya silikoni ya tangi huvimba kwa petroli. Nimeona injini mbili zikiharibiwa hivi, zote na watu waliosikia kwa mtu.

Nini kinatoka, nini kinabaki, nini kinaingia?

Vinatoka injini, klachi na kengele yake, ekzosi, tangi, kichujio cha hewa, sevo ya mafuta (mota ndogo inayovuta kabureta) pamoja na vyuma vyake vya kuvutia, na betri ndogo ya risiva, kile kipokezi cha rimoti. Diski za breki zilizo kwenye difu ya kati unaweza kuzitoa, kwa sababu mota yenyewe itafunga breki. Vinabaki chasi, difu, propela, shokapu, magurudumu, sevo ya usukani na ile gia kubwa ya difu ya kati, mradi ni ya chuma.

Vinaingia mota isiyo na kaboni, ambayo wauzaji huiita brashilesi, kidhibiti mwendo chake (kwenye boksi utaona herufi ESC), kiti cha mota, gia ndogo ya mota, betri na mahali pa kuifungia. Kabla ya kununua chochote, shika magurudumu uyatikise. Kama difu zimelegea na beringi zinalia, pesa utakayotumia kufufua kila kitu inaweza kukufikisha kwenye bagi ya umeme iliyotumika. Nimewashauri watu wawili waache kabisa, na sijutii.

Ninunue mota ya namna gani? Hizo kV ni nini?

kV ni mizunguko ya mota kwa dakika kwa kila volti moja, ikiwa haijabeba mzigo. Kwa bagi ya 1/8 yenye betri ya seli nne (volti 14.8), tafuta mota ya ukubwa wa 4268 au 4274 (kipenyo milimita 42, urefu 68 au 74), yenye kV kati ya 1900 na 2200, na kidhibiti cha ampea 120 hadi 150. Seti za Hobbywing na Castle Creations ndizo nilizoziona zikidumu. Nunua mota na kidhibiti kama seti, utaepuka nusu ya matatizo.

Fanya hesabu kabla ya kutamani makubwa. Mota ya kV 2000 kwa volti 14.8 inazunguka mara 29,600 kwa dakika. Gia ndogo ya meno 15 ikisukuma kubwa ya meno 46, halafu difu zenye meno 13 kwa 43, gurudumu linapata mizunguko kama 2,900. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 11.5 linakupa karibu kilomita 63 kwa saa. Uwanjani itapungua kidogo kwa sababu volti hushuka mota ikibeba mzigo. Hata hivyo, gari la zaidi ya kilo tatu kwa mwendo huo linavunja mguu wa mtu. Wanaokuja kwangu na ndoto ya seli sita huwa nawapa rimoti yangu kwanza wajaribu seli nne. Wengi hubadili mawazo wenyewe.

Kiti cha mota nitakipata wapi?

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ningependa usome sehemu hii mara mbili.

Kuna viti vinavyotengenezwa tayari kwa bagi maarufu. Vinafungwa kwenye matundu yaleyale ya injini ya zamani. Kama kipo cha bagi yako, agiza hicho. Kama hakipo, kitengenezwe, na hapa kwetu inawezekana kabisa kwa sababu tuna mafundi wa vyuma wazuri.

Mara ya kwanza nilikwenda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu, akanikatia kipande cha pembe. Kilikuwa kizuri kwa macho. Lakini pembe ya dirisha ni nyembamba, haifiki hata milimita 2. Nilipovuta mafuta (bado nasema hivyo, ulimi umezoea) kiti kilijipinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni. Gia zikaachana, meno yakagongana kwa ncha, na ndani ya dakika tano gia kubwa ilikuwa imenyolewa. Mota haikuwa na kosa, na gia haikuwa na kosa.

Cha pili nilitumia bamba la aluminiamu la milimita 6, na kipande kingine cha unene huohuo kikisimama wima, vikiunganishwa kwa bolti tatu badala ya kuchomelewa. Kuchomelea aluminiamu nyembamba huipinda, na kiti kikipinda hata kwa nywele, mota haikai sambamba na gia kubwa. Fundi wa kukereza vyuma alitoboa tundu la katikati la kupitisha shafti na yale mawili ya bolti. Kwenye mota nyingi za ukubwa huu matundu hayo yameachana milimita 25, lakini pima ya kwako kwa kalipa, usiniamini mimi. Matundu ya chini, yale ya kwenye chasi, yawe marefu kama punje ya mchele ili mota iweze kusogezwa mbele na nyuma wakati wa kupanga gia.

Halafu bolti za kushika mota. Zisiwe ndefu! Ikizidi, ncha yake inaingia ndani ya mota na kuchuna waya za koili, na mota mpya inakufa siku ya kwanza. Pima kina cha tundu kwa kijiti, toa milimita moja, ongeza unene wa kiti, hapo ndipo utakapojua urefu wa bolti.

Mwambie fundi wazi kwamba kifaa hiki kinazunguka mara 30,000 kwa dakika. Fundi wangu, aliyesomea VETA, alipoisikia namba hiyo alizima mashine, akarudia vipimo vyote. Mpe na mota yenyewe aishike, asifanye kazi kwa mchoro wa mdomo.

Gia zangu zinalia sana, na moja imeshalika. Nakosea wapi?

Nafasi kati ya meno. Kata ukanda wa karatasi ya daftari, uupitishe kati ya gia ndogo na kubwa, sukuma mota hadi karatasi ibanwe, kaza bolti, kisha zungusha utoe karatasi. Itoke imekunjikakunjika bila kuchanika. Baada ya hapo zungusha gurudumu taratibu na upime kwa vidole sehemu nne za gia kubwa, maana hakuna gia iliyo duara kamili. Panga kwa ile sehemu inayobana zaidi.

Hakikisha pia meno ni ya aina moja. Gia za bagi hizi huwa za moduli 1 (kipimo cha ukubwa wa meno), na tundu la gia ndogo liwe la shafti ya milimita 5. Skrubu yake isiyo na kichwa ikae juu ya ule upande bapa wa shafti. Safisha mafuta kwa spiriti, weka gundi ya kuzuia bolti kulegea, kaza, acha usiku mzima.

Betri ya seli nne, au mbili za seli mbili?

Zote sawa kiumeme. Mbili za volti 7.4 zikiunganishwa kwa mfululizo zinatoa volti 14.8 ileile, na wengine huzigawa kushoto na kulia ili gari likae sawa. Kama unafanya hivyo, ziwe pacha: uwezo uleule, umri uleule, zichajiwe pamoja. Mimi natumia moja ya mAh 5000 mahali lilipokuwa tangi, na inanipa kama robo saa ya kukimbia kwa nguvu. Gari litazidi uzito wa zamani kwa gramu mia kadhaa, kwa hiyo springi za shokapu zitahitaji kukazwa kidogo upande wenye betri.

Fundi simu anaweza kunilehemea waya?

Ujuzi anao, ila pasi yake ya kulehemu ni ndogo. Waya hizi ni nene na zinanyonya joto, hivyo unahitaji pasi ya wati 60 au zaidi. Ukitumia ndogo, lehemu inakaa juu kama tone la nta, inaonekana imeshika kumbe haijashika, na baadaye plagi inayeyuka ukiwa katikati ya uwanja. Tumia plagi za XT90 au EC5. Ukilehemu plagi ya betri, shughulikia waya mmoja, uufunike, ndipo uende wa pili. Zikigusana hizo mbili, utaona umeme wa rangi ya bluu na huenda usione vizuri kwa muda.

Kijijini kwetu Tandahimba umeme unakatika. Nachajije?

Betri ya seli nne ya mAh 5000 ina watt-saa 74. Ukihesabu na upotevu wa chaja, unatumia karibu 90. Maana yake uniti moja ya Luku inaijaza zaidi ya mara kumi. Chaja nyingi zinakubali volti 12 moja kwa moja, kwa hiyo betri ya gari ya Ah 45, yenye kama watt-saa 540, inaweza kukuchajia mara kadhaa bila kuimaliza, na ukiwa na paneli ya sola ya kuirudishia uko salama. Betri ya bodaboda usiiguse: ya Ah 5 ina watt-saa 60 tu, haifikishi hata chaji moja, na mwenye pikipiki atalala njiani.

Angalia na wati za chaja. Ili uchaji kwa ampea 5, chaja iwe na wati 84 au zaidi. Zile ndogo za wati 50 zinafanya kazi, ila zitachukua karibu saa mbili.

Nimesikia betri hizi zinalipuka. Ni kweli?

Zinaweza kuwaka, na moto wake ni mbaya, moshi wake una sumu. Sisemi hivi kukutisha uache. Nimetumia kwa miaka bila ajali kwa sababu nafuata mambo machache kila siku, hata nikiwa na haraka.

Kila seli isipite volti 4.2 wakati wa kuchaji, na isishuke chini ya 3.2 wakati wa kukimbia. Kidhibiti chako kina sehemu ya kuweka kikomo hicho cha chini, na lazima uchague aina ya betri kuwa LiPo (lithiamu-polima), ndizo hizi. Chaji kwa plagi ile ndogo ya kusawazisha ikiwa imechomekwa. Nachajia juu ya sakafu ya saruji, betri ikiwa ndani ya chungu kipana kisichofunikwa kwa kubana, na ndoo ya mchanga iko karibu. Sichaji nikiwa nimelala.

Usipotumia kwa siku mbili tatu, iache kwenye volti 3.8 kwa seli. Joto letu linaziua betri zilizojaa: ukiiacha chini ya bati mchana wa Novemba, au ndani ya gari lililofungwa, itavimba. Iliyovimba haitobolewi ili itoe hewa, kama nilivyomwona kijana mmoja akitaka kufanya. Ipeleke nje, mbali na nyumba, ishushwe chaji polepole kwa taa ya gari hadi iishe kabisa, wala isitupwe jaani ambako wanachoma taka.

Naweza kuibeba kwenye ndege kutoka Dar?

Watt-saa 74 iko chini ya kikomo cha 100 kinachotumiwa na mashirika ya ndege. Ibebe kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini, na funika ncha za plagi kwa utepe. Mwambie mhudumu mapema, usisubiri akugundue. Wanaoagiza kwa basi waifunge kwenye boksi gumu na waandike nje kuwa ni betri. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 500, na buti la basi lina joto.

Rimoti yangu ya zamani itafaa?

Ya GHz 2.4 itafaa. Zile za antena ndefu za zamani ningezibadilisha, kwa ajili ya usalama. Weka mpango wa dharura kwenye risiva, kwamba mawasiliano yakikatika gari lifunge breki. Bila mpango huo, gari linaweza kuendelea kukimbia kwa amri ya mwisho iliyopokelewa.

Betri ndogo ya risiva iondolewe, kwa sababu kidhibiti kinatoa volti zake za kulisha risiva na sevo. Vyanzo viwili vikikutana, kimoja kinaweza kuungua.

Siku ya kwanza nifanyeje?

Sogeza mota mbali na gia kubwa kwanza, ndipo uunganishe betri. Fundisha kidhibiti mwisho wa mbele, mwisho wa breki na katikati kwa kufuata karatasi yake. Mota ikizunguka kinyume, badilisha waya wowote wawili kati ya ile mitatu minene. Ila kama mota ina waya mwembamba wa kihisi, usibadilishe kitu, geuza upande kwenye mpangilio wa kidhibiti. Rudisha gia, panga nafasi, weka nguvu ya kuondokea kiwango cha chini kabisa.

Usivute hadi mwisho magurudumu yakiwa hewani. Difu zitapeleka nguvu yote kwenye gurudumu moja, tairi litatanuka kama puto, na vidole vyako viko hapo.

Nikivuta, magurudumu ya mbele yanavuma na gari halitulii.

Klachi ya nitro ilikuwa inateleza kidogo na kulainisha mwanzo. Mota haisubiri, nguvu yake kubwa iko mwanzoni kabisa. Fungua difu ya kati, weka oili nzito zaidi. Kama chupa ya oili ya zamani iliandikwa 5,000, jaribu ya 7,000 au 10,000. Gari langu lilibadilika siku hiyohiyo.

Mota inapata moto sana.

Simamisha baada ya dakika tatu, uiguse. Kama huwezi kuishika kwa sekunde tatu, imezidi. Nisingependa ipite nyuzi 80, kwa sababu sumaku zake hudhoofika kwa joto na hazirudi. Punguza meno ya gia ndogo, kutoka 15 kwenda 13. Kwenye hesabu ile ya juu utashuka hadi kama kilomita 55 kwa saa, na mota itapumua. Mchanga laini wa ufukweni unailemea kuliko udongo mgumu, kwa hiyo gia ya ufukweni iwe ndogo siku zote.

Na maji ya bahari?

Usiingize. Kidhibiti kilichoandikwa hakiingizi maji kilipimwa kwa maji baridi, yasiyo na chumvi. Chumvi inakula beringi, skrubu na plagi, hata hewa yake tu. Nikitoka Shangani nafuta chasi kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, nakausha, natia tone la oili kwenye beringi za mota. Wenzangu wa Newala wana vumbi jekundu badala ya chumvi, wao wapanguse gia kwa brashi kila baada ya mkimbio, maana vumbi likichanganyika na grisi linasaga meno. Gia hizi usizipake grisi kabisa.

Mwanangu ana miaka tisa. Anaweza kuendesha?

Anaweza, ukiwa pembeni yake. Rimoti nyingi zina kitufe cha kupunguza kikomo cha mwendo, kiweke nusu. Asimame nyuma ya kitu, uwanja uwe mtupu, na betri ichomekwe na kuchomolewa na wewe.

Injini ya zamani nifanyie nini?

Usiitupe na mafuta yake ndani. Mabaki ya methanoli na nitro yatazila beringi kwa kutu ndani ya wiki chache. Iache injini ikiwaka hadi mafuta yote yaishe, tia matone ya oili nyepesi kwenye tundu la plagi na kwenye kabureta, zungusha kwa mkono mara kumi, funga matundu, iviringishe kwenye kitambaa ndani ya mfuko usioingiza hewa. Ikihifadhiwa hivyo inauzika kwa mtu wa mjini ambako mafuta yapo. Ya kwangu sijaiuza. Kila baada ya miezi michache naifungua, naizungusha, naongeza oili.